Faili la Mto na Jina la Kulwa

Masika yale nilikuwa nalala na swali moja, na swali lenyewe halikuniachia nafasi kitandani. Ni Kulwa anayefunga faili, au ni mashine? Nikigeukia ukutani nasema ni Kulwa, maana jina lake limeandikwa pale na nimeliona kwa macho yangu. Nikigeukia dirishani nasema hapana, mtu mwenye kicheko kile hawezi kukutegea kila siku na bado akakusalimia vizuri. Halafu naanza upya. Kama ni mashine, mbona inamwonea mtu mmoja? Na kama mashine haina chuki na mtu na bado inamwonea, basi mimi sijui kazi niliyoisomea. Nikifika hapo, usingizi unakuwa umeshaniaga.

Vijana wangu, nimestaafu sasa, na muda wa kufikiri ninao wa kutosha, ingawa hata zamani sikuwahi kupungukiwa nao. Mnaoanza kazi hizi za kompyuta huniuliza ni kitu gani kilinishangaza kuliko vyote katika miaka yangu. Mnategemea niseme intaneti ilipofika, au simu hizi mlizonazo mkononi. Mimi nawaambia ni faili moja la jedwali, Ifakara, mwishoni mwa miaka ya tisini, mto ukiwa unapanda.

Ofisi yetu ilikuwa ya mradi mdogo wa kupima maji ya mto Kilombero na mito inayouingia. Huko juu, Mlimba, Mngeta na kwingineko, tulikuwa na wasomaji wa vipimo. Msomaji anashuka mtoni, anatazama nguzo iliyochorwa alama, anarudi kwenye redio ya upepo na kututajia maji yamefika wapi. Ifakara kuna karani anayepokea na kuingiza namba kwenye kompyuta. Asubuhi alikuwa Skola, alasiri Kulwa. Faili lilikuwa moja tu, la wote wawili, nasi tuliliita faili la mto.

Mnajua jinsi watu wa bonde wanavyohama. Mvua zikianza, familia inafunga nyumba ya mjini, inabeba sufuria, kuku na watoto, inavuka kwenda kuishi kwenye vibanda vya mashamba ya mpunga mpaka mavuno. Mpunga unataka maji, kwa hiyo na wewe unalala jirani na maji. Mwaka wa kawaida hakuna shida. Mwaka wa mvua kubwa, mtu anaweza kulala pakavu na kuamka sufuria zinaelea. Lakini maji ya Mlimba hayafiki Ifakara siku hiyohiyo. Yanatambaa bondeni, yanajaza vidimbwi, yanapumzika. Mradi wetu uliishi kwenye mapumziko hayo. Tukiona namba za juu zimepanda, Mama Odilia, mkuu wa ofisi, anatuma watu wa mitumbwi kwenda kuwaambia walio mashambani wapandishe watoto kwenye miinuko.

Nilipofika pale nikitoka chuoni, siku ya kwanza nilimwangalia Skola akiandika namba ya Mlimba, nikatembea mpaka kivukoni kuutazama mto. Ulikuwa umetulia, wa rangi ya chai ya maziwa, mtu anaoga pembeni, na kule ng'ambo ng'ombe wa Wasukuma wanakunywa. Nikafikiri, namba ile aliyoiandika Skola inakuja. Imeshaanza safari na hakuna wa kuirudisha. Nilisimama pale mpaka mwenye pantoni akaniuliza kama navuka au nimepotea.

Seva yetu, yenye kutunza mafaili ya ofisi nzima, ilikuwa kompyuta ya kawaida isiyo na mbwembwe, imepandishwa juu ya matofali kwa kuogopa mafuriko. Aliyeisimika alikuwa fundi Thadei, mtu mfupi mwenye subira, aliyenifundisha kwa muda mchache kabla hajahamishiwa Mwanza. Ndani yake aliweka Linux, programu ya kuendeshea kompyuta. Mama Odilia alipoambiwa kwamba imeandikwa na watu waliotawanyika duniani, wengi wao hawajuani, na inatolewa bure, aliuliza swali ambalo hata leo sina jibu lake zuri.

"Bure? Na wao wanakula nini?"

Kompyuta za makarani zilikuwa za Windows, na Windows na Linux hazikulelewa nyumba moja. Kwa hiyo Thadei aliweka juu ya Linux programu iitwayo Samba. Kazi ya Samba ni kusema lugha ya Windows kwa ufasaha kiasi kwamba kompyuta ya Skola inapofungua folda kwenye seva inadhani inaongea na ndugu yake. Nilipoelewa hilo nilistaajabu. Kulikuwa na mtu mahali fulani aliyesikiliza mazungumzo ya mashine mpaka akajifunza kuigiza mojawapo, halafu kazi yake ikafika mpaka Ifakara kwa treni, ndani ya mfuko wa Thadei.

Sasa nisikilizeni vizuri kidogo, maana bila hili hamtaelewa shida ya Kulwa. Kwenye Linux kila faili lina mwenyewe, yaani jina la mtu mmoja. Lina kundi, yaani watu anaofanya nao kazi. Na kuna wengine wote, wapita njia. Kila upande unapewa ruhusa zake: kusoma, kuandika, kuendesha kama programu. Ukiamuru seva ikuonyeshe, inakutolea mstari wenye herufi za ruhusa na jina la mwenyewe. Basi. Mlango, na nani ana ufunguo.

Kila asubuhi masika yale Skola alikuwa anafungua faili la mto na kuambiwa kwamba anaweza kulisoma tu, hawezi kuliandika.

"Fundi!" ananiita. "Limefungwa tena."

Naenda kwenye seva, natazama. Mwenyewe: kulwa. Mwenyewe ana ruhusa zote. Kundi wanasoma tu. Natoa amri ya kuwaruhusu kundi waandike, Skola anaendelea. Alasiri Kulwa anakuja, analifungua bila shida, anaandika, anahifadhi, anaenda zake. Kesho asubuhi: "Fundi!"

Siku za mwanzo lilikuwa jambo la kuchekesha. Skola alikuwa Mpogoro wa Mahenge, mwanakwaya, mwenye mdomo usiolala. Kulwa wazazi wake walikuja na ng'ombe kutoka Usukumani, yeye akapelekwa shule na kumaliza. Utani kati yao hawakuurithi kwa mababu, waliutengeneza wenyewe pale ofisini.

"Ninyi mmezoea kufunga zizi," Skola anamwambia wanapopokezana zamu. "Hata faili unalifunga lisitoroke."

"Dada Skola, zizi lisipofungwa, ng'ombe anakula mpunga wako. Halafu wewe unaniita kwa mtendaji."

"Na wewe una pacha. Huenda anayekuja kufunga ni Doto."

"Doto hajui kompyuta. Angejua, angekuwa ameshakuvunjia hiyo yako ya kizee."

Maana kompyuta ya Skola ilikuwa ya zamani, yenye skrini inayotetemeka, na ya Kulwa ilikuwa mpya. Mgeni wa mradi aliileta, ikawekwa kwenye meza iliyokuwa tupu, na meza iliyokuwa tupu ilikuwa ya Kulwa. Skola hakuwahi kulisema hilo moja kwa moja. Alikuwa analipitia pembeni, kila siku.

Halafu mvua zikakaza. Milima ya Udzungwa ikapotea ndani ya wingu na haikuonekana tena. Asubuhi moja nilichelewa, baiskeli yangu imekwama kwenye tope la barabarani, na nilipofika nikamkuta Skola amesimama, redio inaongea peke yake, na Mama Odilia ameshika kiuno. Mngeta wametaja namba kubwa na Skola hana pa kuiandika. Ameiandika kiganjani.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Lifungue."

Nikakaa kwenye seva. Mama Odilia akaja nyuma yangu, akainama, miwani ikamshuka puani, akasoma skrini mwenyewe.

"Hilo jina hapo ni la nani?"

Lilikuwa linasomeka.

"Kompyuta inasema uongo?"

"Hapana mama, ila huenda..."

"Wewe binti una huenda nyingi mno." Akanyooka. "Mkataba wa Kulwa unaisha mwezi huu. Jumatatu nakwenda Morogoro na mikataba yote. Siwezi kumwongezea mkataba mtu anayenifungia mto. Kabla sijaondoka, niambie ni mtu au ni mashine. Jibu moja. Na huenda uiache nyumbani."

Alasiri ile Kulwa alikuwa ameshapata habari. Ofisi ndogo haina siri. Alinikuta kwenye seva, akavuta kiti, hakucheka.

"Fundi, mimi nafungua faili, naandika, nahifadhi, naondoka. Hicho kitufe cha kufungia kiko wapi? Nionyeshe, nikibonyeze mbele yenu wote, mjue ninavyokibonyeza."

"Hakuna kitufe, Kulwa."

"Sasa nafungaje?"

"Sijui."

"Baba aliuza ng'ombe nisome," akasema. "Nikirudi nyumbani kwa sababu ya maji, ataelewa. Kwa sababu ya ukame, ataelewa. Nimwambie nimerudishwa na faili?"

Kuanzia hapo ndipo akili yangu ikashika njia zake. Nikashuku saa ya seva. Nikashuku umeme, kwa kuwa ulikuwa unakatika kila mara. Nikashuku neno la siri la Kulwa. Halafu nikaiona herufi moja na nikaacha mengine yote. Kwenye ruhusa za mwenyewe, kila baada ya Kulwa kuhifadhi, kulikuwa na ile alama ya kuendesha kama programu. Faili la namba za maji, faili lisiloweza kuendesha hata sindano, limeandikwa kwamba ni la kuendeshwa! Nikaamini kwamba kirusi kimeingia, au Kulwa anajua jambo nisilolijua. Nilikula ugali na kitoga kwa mama lishe nikiifikiria herufi hiyo mpaka akaniuliza kama samaki ana kasoro.

Nikampigia Thadei. Simu ya ofisi ilikuwa inakubali inapotaka, na siku hiyo ilitaka. Akacheka mpaka nikaogopa laini itakatika.

"Hiyo haina kosa lolote," akasema. "Windows ina alama yake ndogo kwenye kila faili, ya kusema hili limebadilika, litahitaji kunakiliwa akiba. Linux haina mahali pa kuweka alama hiyo. Basi Samba inaikunja na kuificha kwenye ile nafasi ya kuendesha. Windows ikiuliza, inaitoa na kuirudisha."

"Inaihifadhi kwa siri?"

"Kama mtu anayekutunzia kitu chako mfukoni mwake kwa sababu nguo yako haina mfuko. Achana na hiyo, binti. Umetazama herufi, hujatazama watu. Wanafanya nini tofauti, hao wawili?"

Laini ikakatika.

Nimefanya kazi na mashine kubwa baadaye, na hakuna siku iliyonipa baridi mwilini kama ile. Mifumo miwili isiyoelewana, na katikati mtu amekaa akaifikiria hata alama ndogo ya mwenzake, akaitafutia mfuko. Na mimi nilikuwa nimeiona nikaiita kirusi. Lakini Thadei alikuwa sahihi. Herufi ile haikuwa shida yetu.

Hao wawili wanafanya nini tofauti? Nikakaa siku nzima nikiwatazama, wakanizoea kama samani. Wote wanafungua. Wote wanaandika. Wote wanahifadhi. Skola anaimba, Kulwa haimbi. Nikaandika hata hilo. Ilinichukua muda mrefu, kwa jinsi nilivyokuwa nimezama kwa watu, kuona kilichokuwa chini ya mikono yao: kompyuta ya kizee na programu yake ya zamani ya jedwali, na kompyuta mpya na programu yake mpya, iliyoelekezwa ihifadhi kwa mtindo wa zamani ili wote wawili waweze kusoma.

Jambo la kwanza nililofanya, na hili mlikariri, ni kutengeneza folda nyingine pembeni na kuweka humo nakala. Usimjaribie dawa mgonjwa anayetembea vizuri, na usijaribu kwenye faili ambalo watu wanalitegemea. Halafu nikamwomba Skola akae kwenye kompyuta ya Kulwa.

"Mimi? Nikae kwenye kiti cha Kulwa?"

"Dakika chache tu, dada."

"Chenye hiyo ngozi ya ng'ombe?"

"Inapunguza maumivu ya mgongo," Kulwa akasema. "Utaniomba."

Skola akakaa kama mtu anayekaa kwenye jiko. Nikamfanya aingie kwa jina lake na neno lake la siri. Akafungua nakala, akaandika namba moja, akahifadhi. Kulwa naye nikampeleka kwenye kompyuta ya kizee, aingie kwa jina lake, afungue nakala hiyohiyo na aandike chini ya namba ya Skola.

Akatazama skrini. Akaisogelea. Halafu akaanza kucheka kile kicheko chake, ambacho hatukuwa tumekisikia tangu asubuhi ile ya kiganja.

"Dada Skola! Umenifungia zizi!"

"Nini?"

"Njoo uone. Nasoma tu, siwezi kuandika."

Skola alikwenda, akaona, akarudi kwenye seva niliyokuwa nimekaa. Mstari ulikuwa unasomeka. Mwenyewe: skola. Mwenyewe ana ruhusa zote, kundi wanasoma tu.

"Mimi sijafunga kitu!" akasema kwa sauti ya juu. "Nimehifadhi tu! Mmeniona, nimehifadhi tu!"

"Na mimi nilisema hivyohivyo, dada," Kulwa akajibu, taratibu.

Skola alikaa akikiangalia kiganja chake, kile alichoandikia namba ya Mngeta.

Mimi akili yangu ilikuwa imeshahamia kwingine. Kila faili kwenye Linux, mbali na jina, lina namba yake ya ndani, ambayo mtumiaji haioni. Ile ya nakala nilikuwa nimeiangalia kabla Skola hajahifadhi kwenye kompyuta mpya, nikaiangalia tena baada ya kuhifadhi. Zilikuwa mbili tofauti. Nikamwomba arudie kwenye kompyuta yake ya kizee, kwenye nakala nyingine. Namba haikubadilika.

Mnaona? Programu ya kizee ikihifadhi, inaingia ndani ya faili lilelile na kuandika juu yake. Mwenyewe anabaki yuleyule, ruhusa zinabaki zilezile. Programu mpya ina tahadhari zaidi. Inaogopa umeme ukatike katikati ya kazi. Kwa hiyo inaandika faili jipya kabisa pembeni, ikimaliza inalifuta la zamani na kulipa jipya jina lile. Mzee anazikwa, mjukuu anapewa jina, na nyumba inaendelea kuitwa kwa jina hilo kana kwamba hakuna aliyeondoka. Sisi tulidhani tunafungua faili lilelile kila asubuhi. Kila alasiri ya masika yale faili la mto lilikuwa linakufa na kuzaliwa upya, na aliyekuwepo linapozaliwa ndiye ambaye seva ilimwandika kuwa mwenyewe. Na Samba, isipoambiwa vingine, kila kinachozaliwa inakipa ruhusa za kubana: mwenyewe afanye yote, wenzake watazame.

Seva haikusema uongo. Kulwa ndiye aliyekuwa mwenyewe. Ila hakuna aliyelifunga faili, wala yeye.

Ninakiri kwamba nilikwenda nje nikasimama chini ya bati, mvua inapiga, na macho yakanilowa kwa jambo ambalo ningeona aibu kumweleza mtu. Uzuri wake. Kwamba kosa halikuwa na mkosaji. Programu mpya ilikuwa inalinda kazi, Samba ilikuwa inalinda mlango, na walinzi wawili wasiojuana walikuwa wamemweka Kulwa katikati.

Mama Odilia alirudi kutoka kivukoni viatu mkononi. Nikamweleza. Nikamweleza vibaya, kwa mizunguko, na mbele yake huenda zikanitoka mbili. Alisikiliza yote.

"Umenionyesha nakala," akasema. "Mchezo mzuri. Lakini faili langu la kweli bado linafungwa kila asubuhi, na jina ni lilelile. Lifungue kwa wote basi, yaishe. Kila mtu aandike."

Hiyo ndiyo njia rahisi, vijana, na mtashawishika kuitumia. Amri moja, milango yote wazi, hata kwa wapita njia. Lakini chumba cha wageni kilikuwa na waya wa mtandao, na mgeni mmoja aliwahi kuikokota folda nzima kwa kipanya bila kujua akaidondoshea ndani ya nyingine. Tuliitafuta mpaka tukachoka. Tena, hata ukifungua leo, alasiri faili linazaliwa upya na ruhusa zake za kubana, na kesho asubuhi uko palepale.

Dawa ilikuwa kwenye folda. Iambie folda kwamba chochote kinachozaliwa ndani yake ni cha ukoo wa folda, yaani kundi la makarani, hata kizaliwe mikononi mwa nani. Na iambie Samba kwamba humo ndani kila kipya kizaliwe na ruhusa ya kundi kuandika, na wapita njia wasiguse. Mistari michache kwenye faili la masharti ya Samba. Nikikosea herufi, folda inaweza isionekane kabisa kwa yeyote.

"Naweza kulitengeneza," nikamwambia mama, "lakini lazima niiguse seva yenyewe."

Redio ilikuwa inaongea nyuma yetu. Mlimba walikuwa wanataja kipimo, na Kulwa alikuwa anarudia namba kwa sauti ili kuhakikisha. Maji yalikuwa yamepanda tena. Sauti ya msomaji wa Mlimba ilikuwa ya mtu anayepiga kelele kuushinda mto.

Mama Odilia akaitazama seva juu ya matofali yake. "Subiri masika yaishe," akasema.

"Masika yakiisha Kulwa atakuwa ameondoka."

"Ukiiharibu, binti, mimi nitapokea vipimo kwa chaki ukutani, tuliwahi kufanya hivyo. Lakini wewe na Kulwa mtapanda treni moja." Akaanza kuvaa viatu. "Kesho asubuhi kabla sijaondoka nitakuwa hapa. Skola afungue faili. Wewe usiguse kitu. Likifunguka bila mkono wako, nitaamini."

Nilikaa mbele ya seva, na mawazo yote yakaja kunisalimia. Huenda nimekosea herufi. Huenda umeme unakatika katikati. Huenda kuna sababu ya tatu ambayo sijaiona, na kesho Skola anafungua, limefungwa, na watu wa ng'ambo hawajapata habari kwa sababu yangu. Kulwa alikuwa ananitazama kutoka mezani kwake.

Nikanakili faili la masharti na kulipa jina jingine, ili nikiharibu nirudishe la zamani. Fanyeni hivyo siku zote, hata mkiwa na haraka, hasa mkiwa na haraka. Nikaandika mistari yangu. Nikaisoma kutoka juu, nikaisoma kutoka chini. Nikaijaribu kwanza kwenye folda ya pembeni: Kulwa akahifadhi, Skola akaandika juu yake. Skola akahifadhi akiwa kwenye kiti cha ngozi ya ng'ombe, Kulwa akaandika juu yake. Halafu nikaipa folda ya kweli masharti hayohayo, nikaiambia Samba isome upya.

"Kulwa," nikasema, "ingiza namba ya Mlimba."

Akaingiza. Akahifadhi kama anavyohifadhi siku zote, akazima skrini, akavaa koti la mvua.

Kilichokuwa kigumu kuliko vyote kikaanza hapo. Amri ya kutazama ruhusa ni fupi mno, ningeweza kuiandika na kujua papo hapo. Na nikiona imekwenda vibaya, ningeweza kulifungua kwa mkono kabla ya asubuhi, Skola angeandika, mama angeamini, Kulwa angepata mkataba, na hakuna ambaye angejua. Vidole vilikuwa tayari kwenye kibodi. Lakini hapo ningekuwa nimempa mama jibu langu, na mashine ingekuwa haijajibu. Nikatoa mikono. Nikafunga mlango wa chumba cha seva, nikampelekea Mama Odilia ufunguo nyumbani kwake.

Aliupokea bila kuuliza.

Asubuhi mvua ilikuwa imepumzika. Mama Odilia alikuja na mfuko wa safari na bahasha ya mikataba kwapani. Kulwa alikuja ingawa haikuwa zamu yake, akasimama mlangoni, kofia mkononi. Mimi nilikaa kwenye benchi, mikono mapajani, mahali ambapo kila mtu anaiona. Skola akawasha kompyuta yake ya kizee. Skrini ikatetemeka, ikatulia.

"Mlimba, Mlimba, hapa Ifakara, nakupata," akasema kwenye redio. "Taja."

Mlimba wakataja. Skola akarudia namba. Akafungua faili la mto. Tulisikia akibonyeza kitufe kimoja, halafu cha pili, halafu akaendelea bila kusimama, kama mtu anayeandika barua kwa nduguye. Akahifadhi. Akageuka kwenye kiti, akamtazama Kulwa.

"Umeacha zizi wazi, Msukuma."

"Karibu ndani, dada."

Mama Odilia aliinama kwenye skrini, akaiona namba yenyewe na jinsi ilivyokuwa kubwa. Akamwambia Kulwa akimbie kwa watu wa mitumbwi, wavuke sasa hivi, watoto wapandishwe miinukoni. Kulwa akaondoka mbio bila koti. Ndipo mama akanigeukia, bahasha ikiwa bado kwapani.

"Haya. Mtu au mashine?"

Nilisimama.

"Ni mashine, mama," nikasema.

Akasubiri kidogo, kwa mazoea, neno langu jingine. Sikulitoa.